Kwa Nini Betri Huvuja: Historia ya Miaka Zaidi ya Mia Mbili

Leo sitaandika kuhusu programu wala tarakilishi. Nataka kuandika juu ya redio ya baba, na juu ya kosa ambalo nililifanya mimi mwenyewe, kwa mikono yangu.

Baba ni mwalimu mstaafu. Redio yake ya betri nne kubwa ameishi nayo tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na taarifa ya habari ya saa moja jioni haikuwa ikimpita. Wakati mmoja nilipokuwa nyumbani likizo, redio ilianza kukwaruza na sauti ikafifia. Nikaenda dukani. Siku hiyo mwenye duka alikuwa amebakiwa na betri za bei ghali tu, na pesa zangu zilitosha mbili. Nikarudi, nikatoa zile mbili zilizoonekana kuchoka zaidi, nikaweka mpya mbili, na nyingine mbili za zamani nikaziacha palepale. Redio ikanguruma! Nikajiona fundi. Baadaye stima ikafika kijijini, runinga ikanunuliwa, na redio ikawekwa juu ya kabati. Betri zote nne zikiwa ndani.

Krismasi iliyopita baba aliniambia, "Wewe si ndiye mtu wa mitambo? Hebu niangalizie redio yangu." Nikafungua kifuniko cha nyuma. Jamani! Betri mbili za zamani zilikuwa zimetoboka, na uji wa rangi ya hudhurungi ulikuwa umekauka kila mahali. Zile mbili za bei ghali zilikuwa zimeota ukoko mweupe kama chumvi. Springi moja ilikatika nilipoigusa. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na hakusema neno.

Sisi waandishi wa programu tuna uvujaji wetu. Programu ikishika kumbukumbu ya tarakilishi bila kuiachilia, tunasema kumbukumbu inavuja, na dawa ya haraka ni kuizima na kuiwasha upya. Betri ikivuja, huwezi kuizima na kuiwasha ukapata springi yako tena. Kwa hiyo niliporudi Nairobi niliamua kusoma jambo hili tangu mwanzo wake. Nilitaka kujua kama nilidanganywa na mwenye duka, au kama kosa ni langu. Niliyoyapata ni haya.

Tuanze na betri ya kwanza kabisa. Mwaka 1800 Alessandro Volta, mtaalamu wa fizikia kutoka Italia, alitangaza kifaa chake: visahani vya zinki na vya shaba (au fedha) vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na katikati ya kila jozi kipande cha kitambaa au karatasi nzito iliyoloweshwa maji ya chumvi. Ulikuwa mnara mdogo, na ulitoa umeme mfululizo, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana. Lakini visahani vya juu vilikuwa vizito. Vilikandamiza vitambaa vya chini mpaka maji ya chumvi yakatiririka kando ya mnara, na umeme ukapata njia ya mkato kupitia maji hayo. Yaani betri ya kwanza duniani ilivuja! William Cruickshank alilitatua tatizo hilo miaka michache baadaye kwa njia rahisi: aliulaza mnara ndani ya sanduku la mbao. Tangu siku hizo, historia ya betri imekuwa pia historia ya kuzuia maji yasitoke.

Sasa turuke hadi mwaka 1866. Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza seli ambayo ndiyo bibi wa betri zetu za tochi. Upande hasi ulikuwa ufito wa zinki. Upande chanya ulikuwa kaboni iliyozungukwa na unga mweusi wa dayoksaidi ya manganizi. Vyote vilisimama ndani ya chupa ya kioo yenye maji ya kloraidi ya amonia. Shirika la telegrafu la Ubelgiji liliipokea upesi, na kengele za milangoni na simu za kwanza ziliitumia. Lakini ilikuwa ni chupa ya maji. Ukiiangusha inavunjika, ukiilaza inamwagika. Huwezi kuitia mfukoni.

Aliyeitoa kwenye chupa ni Mjerumani Carl Gassner. Mwaka 1886 alipata hataza ya "betri kavu". Aliyachanganya yale maji na plasta mpaka yakawa ugali mzito, akaongeza kidogo kloraidi ya zinki ili betri isiharibike upesi ikiwa imewekwa tu. Kisha akafanya jambo moja la werevu sana: badala ya kuweka zinki kama ufito ndani ya chupa, aliifanya zinki yenyewe kuwa kopo. Hakukuwa tena na haja ya chupa. Betri ikawa nyepesi, na ukiilaza au kuipindua haijali. Kuanzia mwaka 1896 kampuni ya National Carbon ya Marekani iliuza betri za namna hiyo kwa wingi, na mwaka 1899 David Misell akapata hataza ya tochi ya kushika mkononi inayotumia betri za aina hiyo.

Hapa simama kidogo, kwa sababu hapa ndipo siri ilipo. Betri hutoa umeme kwa kuila zinki yake. Kila dakika redio inapoongea, zinki kidogo inayeyuka. Na kwenye betri ya Gassner zinki ndiyo kopo! Ni sawa na kupika chakula ndani ya sufuria ambayo yenyewe ni sehemu ya kitoweo. Betri inapokaribia kuisha, kopo limekuwa jembamba, na haliishi sawasawa pande zote. Mahali fulani litatangulia kutoboka. Uji wa ndani, ambao una asidi kidogo, unatoka. Hata ukiiacha bila kuitumia, uchafu mdogo wa metali nyingine ndani ya zinki husababisha zinki ijile yenyewe polepole. Kwa hiyo betri ya aina hii kuvuja si ajabu. Ajabu ni kwamba haivuji mapema zaidi.

Watengenezaji walilijua jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Ray-O-Vac ya Wisconsin, Marekani, ilianza kulivika kopo la zinki ganda la chuma, ili zinki ikitoboka uji ubaki ndani ya ganda. Ilisaidia, lakini haikuponya. Betri zilizoandikwa "Heavy Duty" nazo kwa kawaida hutumia kloraidi ya zinki badala ya kloraidi ya amonia, na kwa kuwa umeme wake unatokana na kikemia kinachotumia maji, betri hukauka inavyozeeka na huvuja kidogo kuliko zile za kale. Usidanganywe na jina lakini: hizo "Heavy Duty" bado ni za zinki na kaboni, na nguvu zake ni ndogo kuliko za alkali.

Betri hizi ndizo zilizotulea hapa Kenya. Kampuni ya Eveready ilianza mwaka 1967, na kiwanda chake cha Nakuru kilitengeneza betri kubwa za zinki na kaboni kwa miaka mingi, zenye picha ya paka ambayo kila mtoto aliijua. Nyumbani kwetu hatukuziita hata betri, tuliziita mawe ya redio. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, wakati ambapo betri za bei nafuu kutoka nje zilikuwa zimejaa sokoni. Wengi wetu pia tunakumbuka kuyaanika mawe juani ili yapate nguvu ya taarifa moja zaidi. Hiyo haikuwa ndoto: joto huongeza kasi ya kemikali ndani, na kupumzika kunaipa betri nafuu kidogo. Lakini joto hilohilo huongeza kasi ya kuliwa kwa kopo. Tulikuwa tukikopa, na redio ndiyo iliyolipa deni.

Sasa tuje kwa zile mbili za bei ghali, maana nazo zilivuja, tena kopo lake likiwa zima. Kwa nini?

Mwaka 1955 kampuni mama ya Eveready kule Marekani ilimhamisha kijana Mkanada aitwaye Lewis Urry kutoka Toronto hadi maabara yake ya Parma, Ohio. Kazi aliyopewa ilikuwa kurefusha maisha ya betri ya zinki na kaboni. Urry akaona kwamba ile njia imefika mwisho, akageukia maji ya alkali. Watu walikuwa wamejaribu alkali tangu zamani bila kupata nguvu za kutosha. Yeye aliitwanga zinki ikawa unga, ili eneo linalogusana na kemikali liwe kubwa zaidi. Inasimuliwa kwamba alinunua magari mawili ya kuchezea, akatia betri yake katika moja na betri ya kawaida katika jingine, akayaachilia kwenye sakafu ya mkahawa wa wafanyakazi mbele ya mkubwa wake. La pili lilisimama upesi. La Urry likaendelea kwenda na kurudi mpaka watu wakachoka kulitazama. Betri hizo zilianza kuuzwa mwaka 1959.

Betri ya alkali imegeuzwa ndani nje. Kopo lake ni la chuma na haliliwi; ndilo upande chanya. Unga wa zinki uko katikati, umelowa haidroksaidi ya potasiamu, ambayo ni alkali kali. Kwa hiyo tatizo la Gassner la kopo kuliwa limekwisha. Limekuja jingine. Zinki ikikaa ndani ya alkali, hujibizana polepole na maji na kutoa gesi ya haidrojeni. Kopo limefungwa vizuri, gesi haina pa kwenda, na shinikizo linapanda. Ili betri isilipuke, kifuniko cha plastiki kilichoko upande hasi kimetengenezwa kwa makusudi kiwe na mahali pembamba, papasuke kwanza. Gesi inatoka, na alkali inaifuata. Isitoshe, alkali hii ina tabia ya kutambaa yenyewe juu ya chuma, hasa upande hasi. Ikifika nje inakutana na kaboni dayoksaidi ya hewani na kugeuka kaboneti ya potasiamu. Huo ndio ule ukoko mweupe.

Kulikuwa na dawa ya gesi hiyo, na ilijulikana tangu miaka ya 1830: zebaki. Zinki iliyopakwa zebaki hutoa haidrojeni kidogo sana. Kwa miongo mingi watengenezaji walitia zebaki kwenye betri, na betri za alkali za zamani zilikuwa nayo kiasi cha kama asilimia 1 ya uzito wake. Ukimsikia mzee akisema betri za zamani hazikuwa zikivuja hivi, usimcheke. Kuna ukweli katika maneno yake.

Lakini zebaki ni sumu. Mwaka 1956 madaktari wa mji wa Minamata, Japani, waliripoti ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu. Baadaye ilithibitika kwamba kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, na watu wakala samaki. Betri hazikuhusika na mkasa ule, lakini dunia ilijifunza mahali zebaki inapoishia ikitupwa. Na betri zilikuwa zikitupwa kwa mamilioni. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilipunguza zebaki katika betri za alkali hadi asilimia 0.025 ya uzito. Mwaka 1996 Marekani ilipitisha sheria ya kuiondoa. Mwaka 1998 Ulaya ikashusha kiwango hadi asilimia 0.0005, kikianza kutumika mwaka 2000. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji uleule wa Minamata, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje karibu betri zote zenye zebaki, isipokuwa aina chache za vidonge.

Watengenezaji walilazimika kutafuta njia nyingine: zinki safi zaidi, iliyochanganywa na chembe za indiamu na bismathi. Njia hiyo inafanya kazi, ila haisamehi kama zebaki. Uchafu kidogo tu wa chuma ndani ya zinki unatosha kuiamsha gesi. Kwa hiyo tukiuliza ni nani aliyetuletea betri zinazovuja, sehemu ya jibu ni sisi wenyewe: tulikubali redio zetu ziharibike mara moja moja ili watoto wasile zebaki kwenye samaki. Mimi naona ni biashara nzuri, hata nikiitazama redio ya baba.

Tukirudi kwenye redio hiyo, sasa naweza kusoma kilichotokea. Betri nne zimepangwa kwa mstari, mkondo uleule unapita katika zote. Zile mbili za zamani ziliisha kwanza. Lakini zile mbili za alkali bado zilikuwa na nguvu, zikaendelea kuusukuma umeme kupitia ndani ya zile zilizokufa, mpaka zikageuzwa chanya kuwa hasi. Betri iliyogeuzwa hivyo hutoa gesi na kopo lake huliwa haraka. Zikatoboka. Kisha zile za alkali, zilizosahauliwa juu ya kabati miaka na miaka, zikatoa gesi yake polepole, kifuniko kikapasuka. Mwenye duka hakunidanganya. Aliyechanganya nzee na mpya, na aina mbili tofauti, ni mimi.

Haya, utafanyaje ukikuta betri imevuja? Kwanza ujue ni ya aina gani. Soma maandishi madogo ubavuni. R20, R6 au R03 ni ya zinki na kaboni. Ikitanguliwa na herufi L, yaani LR20, LR6 au LR03, ni ya alkali.

Vaa glavu, na usiupulize ule unga kwa mdomo. Alkali huunguza ngozi, na machoni ni hatari zaidi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa angalau dakika 15 na uende hospitali. Toa betri polepole. Ikiwa imenata usiitoboe.

Kama ni ya alkali, chovya pamba kwenye siki au maji ya ndimu, kisha ugusegusa ule ukoko. Utaona povu: ni asidi inayojibizana na kaboneti. Povu likikoma, alkali imekwisha. Tumia kidogo tu, kwa sababu asidi ikibaki nayo italiendeleza kosa. Kama ni ya zinki na kaboni, siki haifai. Tumia soda ya kuokea iliyokorogwa na maji kidogo. Baadaye, kwa aina zote mbili, futa kwa pamba yenye maji kidogo, kisha spiriti, uache ikauke kabisa kabla ya kuweka betri nyingine. Kutu ya kijani ikibaki kwenye vigusio, isugue kwa msasa laini. Springi iliyokatika haina dawa, badilisha.

Na kuzuia ni rahisi kuliko kusafisha. Badilisha betri zote kwa pamoja, za aina moja na umri mmoja. Ziandike tarehe kwa kalamu. Usijaribu kuchaji betri isiyo ya kuchajiwa. Usiziweke juani wala karibu na jiko. Na kubwa kuliko yote: kifaa usichokitumia kwa miezi kadhaa, kitoe betri. Kama kifaa ni cha thamani sana kwako, betri za kuchajiwa au za lithiamu za volti 1.5 huvuja kwa nadra zaidi. Zilizokwisha usizitupe motoni. Sheria ya taka ya mwaka 2022 hapa Kenya imeweka wajibu wa watengenezaji na waagizaji juu ya bidhaa zao zikiwa taka, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza betri zetu zirudi wapi.

Redio je? Nilirudi nayo nyumbani Pasaka. Springi mbili nilizitoa kwenye redio mbovu ya fundi mmoja wa mtaani, na njia moja ya shaba iliyoliwa kwenye bodi nikaiunga kwa kipande cha waya. Ilipofika saa moja jioni baba aliiwasha, akasikiliza taarifa yote mpaka mwisho, na hakunishukuru wala kunilaumu. Kisha akaizima, akafungua kifuniko, akatoa betri zote nne na kuzitia ndani ya kopo la majani chai.

"Hapa ndipo zitakapokuwa zikilala," akasema.

Nawe msomaji, leo jioni fungua ile tochi iliyoko kwenye droo. Tukutane tena hapa.